Likizo ya nyumbani: chanjo na kinga za kuandaa kabla ya kupanda ndege

Familia nyingi zetu zinazoishi Uingereza, Ujerumani, Marekani au nchi za Ghuba huanza kupanga likizo ya Tanzania au Kenya kwa tiketi, zawadi na kilo za mizigo. Afya hufikiriwa wiki ya kufunga mabegi, na mara nyingi haifikiriwi kabisa. Ukimuuliza mtu, atakujibu: "Mimi nimezaliwa Tanga, malaria gani itanisumbua?" Kumbe katika nchi za Ulaya, wagonjwa wengi wa malaria waliorudi nayo kutoka Afrika si watalii waliolala hotelini. Ni watu waliokwenda kuwasalimu wazazi, kuzika, kuoa na kuolewa, pamoja na watoto wao.

Sababu inaeleweka. Mtalii hujijua kuwa ni mgeni, hivyo huenda kliniki na kunywa dawa. Sisi hatujioni wageni. Tunakaa wiki nyingi zaidi, tunalala vijijini, tunazungumza barazani mpaka usiku. Tena kinga ya malaria anayokua nayo mtu hudumu kwa sababu anaambukizwa mara kwa mara. Ukikaa mbali inafifia, na baada ya miaka kadhaa huna cha kutegemea. Mtoto aliyezaliwa Leicester au Minneapolis hajawahi kuwa nayo hata siku moja. Jiandae kama mgeni, hata kama unakwenda kulala kwenye kitanda ulichokulia.

Wiki 6 hadi 8 kabla: panga miadi

Weka miadi na daktari wa familia au kliniki ya wasafiri. Wiki hizo zinahitajika kwa sababu chanjo nyingine huchukua dozi zaidi ya moja, na nyingine huhitaji siku kadhaa ili mwili ujenge kinga. Ukichelewa ukabakiwa na siku 10, nenda hivyo hivyo. Vidonge vya malaria bado utavipata na sindano kadhaa bado zitakufaa.

Usiseme "nakwenda Tanzania" ukaishia hapo. Mweleze mhudumu kila kituo cha safari: utatua wapi, utalala mjini au kijijini, utapita nchi gani nyingine, utakaa muda gani. Dar es Salaam kwa wiki moja na Kigoma kwa wiki sita ni safari mbili tofauti. Kisumu na pwani ya Kenya zina malaria nyingi, ilhali Nairobi kwenyewe hatari ni ndogo. Unguja na Pemba malaria imepungua sana, ila haijaisha.

Mwambie pia kama kuna mwenye ujauzito au anayepanga kushika mimba, anayenyonyesha, mwenye kisukari, presha, kifafa, VVU, historia ya sonona, au aliyeondolewa wengu. Mwenye selimundu atajwe wa kwanza, kwa kuwa malaria kwake inaweza kuua upesi. Kwa mjamzito ushauri wa kawaida ni kuahirisha safari ya eneo lenye malaria ikiwezekana. Ikiwa haiwezekani, ni daktari atakayemchagulia dawa, si jirani aliyejifungua mwaka jana.

Chukua kadi za kliniki za watoto na kadi zako zote za zamani. Kwa walio Uingereza, chanjo za homa ya matumbo, homa ya ini A, kipindupindu, na ile ya pamoja ya pepopunda, dondakoo na polio hutolewa bure na huduma ya taifa. Homa ya manjano, kichaa cha mbwa na vidonge vya malaria utalipia mwenyewe. Ujerumani mifuko mingi ya bima hurudisha gharama, basi uliza kabla ya kulipa na utunze risiti.

Homa ya manjano: angalia njia, usiangalie mwisho wa safari tu

Hapa ndipo watu wanapokwama uwanjani. Tanzania haimdai cheti cha chanjo ya homa ya manjano msafiri anayetoka Ulaya moja kwa moja au aliyepitia Doha, Dubai au Istanbul. Inakidai kwa anayetoka nchi yenye hatari ya homa ya manjano, na kwa aliyekaa zaidi ya saa 12 kwenye uwanja wa ndege wa nchi kama hiyo. Kenya, Uganda na Ethiopia zimo kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo ukitua Nairobi, ukalala siku tatu kwa dada yako, kisha ukapanda basi la Arusha kupitia Namanga, umetoka nchi yenye hatari na utaulizwa kadi ya njano, yaani cheti hicho. Vivyo hivyo ukitoka Mombasa kuelekea Tanga kwa Horohoro. Uganda, Burundi na Kongo hukidai kwa wasafiri karibu wote, wewe ukiwamo hata kama unatoka Brussels.

Cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. Ukichomwa Jumatatu na kusafiri Ijumaa, kadi yako bado haijawa na nguvu. Tangu Julai 2016 dozi moja inatambulika maisha yote, hivyo mwenye kadi ya mwaka 2009 iliyoandikwa miaka 10 asikubali kuchanjwa upya kwa sababu ya tarehe hiyo peke yake.

Ikague kadi kabla hujatoka mlangoni mwa kliniki. Jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Pawe na tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya chanjo, namba ya toleo la chanjo, sahihi ya mhudumu na muhuri rasmi wa kituo. Kadi isiyo na muhuri haina kazi mpakani. Ipige picha uiweke kwenye simu, lakini safiri na ile ya karatasi.

Hii ni chanjo ya virusi hai waliodhoofishwa, kwa hiyo si ya kila mtu. Kwa kawaida hutolewa kuanzia miezi 9. Mwenye kinga dhaifu, mwenye ugonjwa wa tezi ya thaimasi, mwenye mzio mkali wa mayai, mjamzito, na aliyetimiza miaka 60 ambaye hajawahi kuchanjwa, wote wazungumze na daktari kwanza. Asiyefaa kuchanjwa huandikiwa barua rasmi ya msamaha na kituo kilichoidhinishwa. Usimchome bibi wa miaka 72 kwa kuogopa maswali ya mpakani tu.

Kadi ya kununua bila kuchomwa sindano ni hatari zaidi kuliko kutokuwa na kadi. Umemdanganya afisa, lakini ugonjwa hujaudanganya.

Chanjo nyingine, kwa uzito wake

Anza na zile za kawaida. Surua bado inazuka huku na huko, na viwanja vya ndege ni mahali pazuri kwake kusambaa. Mtoto wa miezi 6 hadi 11 anaweza kupewa dozi ya mapema ya surua kwa ajili ya safari, kisha akaendelea na ratiba yake kama kawaida. Kama mtoto anahitaji chanjo ya surua na ya homa ya manjano kwa pamoja, waambie mapema. Zote mbili ni za virusi hai, na baadhi ya nchi, Uingereza ikiwamo, hutaka zipishane wiki 4. Pepopunda na polio zirudiwe kama miaka 10 imepita.

Homa ya matumbo, yaani taifodi, ni sindano moja inayochomwa angalau wiki 2 kabla. Uingereza huirudia kila baada ya miaka 3, Marekani kila miaka 2. Haikingi kwa asilimia 100, hivyo haikupi ruhusa ya kunywa maji ya bombani.

Homa ya ini A ina jambo la kuvutia kwa familia zetu. Mzazi aliyekulia Afrika Mashariki huenda aliugua utotoni bila kujua, na kinga yake hudumu maisha yote, kinyume kabisa na ile ya malaria. Kipimo cha damu kinaweza kuthibitisha. Watoto wake waliozaliwa ng'ambo hawana kinga hiyo, na wao ndio wa kuchanjwa kwanza. Dozi ya kwanza hukinga safari hii. Ya pili, baada ya miezi 6 hadi 12, hurefusha kinga kwa miaka mingi.

Homa ya ini B huhitaji dozi 3 ndani ya miezi 6, ingawa kuna ratiba ya haraka ya siku 0, 7 na 21 kwa mtu mzima mwenye haraka, inayofuatwa na dozi ya nne baada ya mwaka.

Kichaa cha mbwa hupuuzwa kuliko zote, na ndicho kinachonipa hofu zaidi kwa watoto. Mtoto aliyezoea mbwa wa kufugwa ndani ya nyumba huko Stockholm humwendea mbwa yeyote wa kijijini kwa mikono miwili. Dalili zikishaanza, ugonjwa huu karibu kila mara huua. Chanjo ya kabla ya safari ni dozi 2 au 3 kulingana na mwongozo wa nchi uliko. Faida yake kubwa ni kwamba mtoto aking'atwa atahitaji sindano chache tu za nyongeza, wala hatahitaji ile dawa ya kingamwili inayodungwa kwenye jeraha, ambayo hospitali nyingi za wilaya hazinayo. Kama mnakwenda kukaa kijijini mwezi mzima na watoto, ningetoa pesa ya chanjo hii kabla ya kufikiria pesa ya zawadi.

Wanaopitia Makka kufanya umra kabla ya kufika nyumbani wanadaiwa na Saudi Arabia chanjo ya homa ya uti wa mgongo aina ya ACWY, iliyochomwa si chini ya siku 10 kabla ya kuwasili.

Malaria: hapa usikate kona

Utauliza, si kuna chanjo ya malaria siku hizi? Ipo. Kenya ilianza kuitoa Septemba 2019, na nchi nyingine za Afrika nazo huitoa. Lakini imetengenezwa kwa ajili ya watoto wadogo wanaoishi kwenye malaria, kwa dozi kadhaa zinazochukua miezi mingi. Kwa msafiri, kinga bado ni vidonge na kumzuia mbu.

Vidonge vinavyotumika sana ni vya aina tatu:

- Malarone, au dawa hiyo hiyo kwa majina ya bei nafuu. Huanza siku 1 au 2 kabla, kila siku pamoja na chakula au maziwa, hadi siku 7 baada ya kuondoka eneo la malaria. Ndiyo rahisi kumaliza. Kwa safari ndefu ndiyo ghali.
- Doksisaiklini. Huanza siku 1 au 2 kabla, kila siku, hadi wiki 4 baada ya kuondoka. Bei yake ni ndogo. Haifai kwa mjamzito na watoto wadogo, hufanya ngozi iungue na jua kirahisi, na inywewe kwa maji mengi ukiwa umekaa wima, la sivyo huchoma koo.
- Meflokwini. Kidonge kimoja kwa wiki, kuanzia wiki 2 hadi 3 kabla, hadi wiki 4 baada. Haifai kwa aliyewahi kuwa na sonona, wasiwasi mkali au kifafa.

Dozi ya mtoto hupangwa kwa uzito wake wa sasa, kwa hiyo mpimeni upya. Usitumie kipimo cha mwaka juzi.

Mjomba atakupa klorokwini, kwa kuwa ndiyo aliyoijua ujanani. Wadudu wa malaria wa kwetu waliizoea zamani, na Tanzania Bara iliacha kuitumia kama tiba ya kwanza mwaka 2001. Shangazi atakwambia umeze dawa mseto kidogo kidogo ili kujikinga. Dawa mseto ni tiba ya aliyekwisha kuugua, humezwa kwa dozi kamili baada ya kipimo, na haikingi wiki sita za likizo. Wasikilize kwa heshima na uendelee na kidonge chako. Vidonge vya kinga nunua kwenye duka la dawa lenye leseni huko uliko, kabla ya kuondoka, kwa idadi inayotosha safari nzima na siku za baada yake. Dawa bandia zipo sokoni, na huwezi kuzitambua kwa macho.

Hatari kubwa iko mwishoni. Watu humeza vizuri wakiwa likizo, wakitua nyumbani ng'ambo wanaona safari imekwisha na kuacha. Mdudu aliyeingia siku ya mwisho bado yumo. Weka kengele kwenye simu mpaka kidonge cha mwisho.

Sasa mbu mwenyewe. Anayeleta malaria huuma kuanzia magharibi mpaka alfajiri. Jua likianza kuzama, vaeni mikono mirefu na suruali au kanga inayofika kwenye kifundo cha mguu, kwa kuwa mbu hupenda miguu ya waliokaa barazani. Paka dawa ya kufukuza mbu yenye DEET, kati ya asilimia 20 na 50, kwenye ngozi iliyo wazi. Mchana ukijipaka mafuta ya kuzuia jua, yatangulie, dawa ya mbu ifuate. Mtoto wa chini ya miezi 2 asipakwe. Huyo akae ndani ya chandarua.

Chandarua kiwe chenye dawa, na kitundikwe kabla ya magharibi. Ukisubiri saa ya kulala, mbu atakuwa ameshatangulia ndani. Pindia pindo lake chini ya godoro pande zote nne. Ukishaingia, washa tochi na ukague pembe za juu. Tundu dogo lishone kwa uzi au ulifunge kwa kamba. Kitanda kikiwa chembamba na watoto watatu wamebanana, goti au mkono utagusa wavu, na mbu huuma kupitia kitambaa. Beba chandarua kikubwa cha ziada kutoka kwako, kisha ukiache kwa wenyeji.

Mchana usijisahau. Mbu wa dengue huuma kukiwa na mwanga, na huzaana kwenye ndoo, matairi na vyungu vya maua. Dar es Salaam ilipata milipuko mikubwa ya dengue mwaka 2014 na 2019. Kwa hiyo ukipata homa, tumia parasetamoli, uache aspirini na ibuprofeni mpaka upimwe, maana kwenye dengue hizo huongeza hatari ya kutoka damu.

Mfuko wa dawa, na bima

Weka kwenye mzigo wa mkononi: dawa zako za kila siku za kutosha likizo nzima na wiki moja zaidi, zikiwa kwenye pakiti zake, pamoja na barua ya daktari. Insulini isiingie kwenye begi linalokwenda chini ya ndege, kwani inaweza kuganda. Ongeza kipimajoto, parasetamoli ya watoto na ya wakubwa, pakiti za ORS, dawa ya vidonda, bandeji na plasta.

Bima ya safari igharamie matibabu na usafiri wa dharura, na uwataje wenye magonjwa sugu unapoikata. Mwenye pasipoti ya kigeni anayeingia Zanzibar anatakiwa pia kununua bima ya huko ya lazima, iliyoanza 1 Oktoba 2024.

Ukishafika

Chakula kilichopikwa kikaletwa kikifuka moshi ni salama kuliko chochote kilichopoa. Mishkaki inayotoka kwenye jiko, chipsi mayai, wali wa moto, dafu lililokatwa mbele yako: kuleni. Jihadharini na kachumbari ya vibandani, barafu kwenye juisi ya miwa au ya ukwaju, maziwa yasiyochemshwa, na matunda yaliyomenywa muda mrefu. Maji yachemshwe au yawe ya chupa ambayo kizibo chake umekikata mwenyewe. Ya kupigia mswaki yawe hayo hayo.

Mtoto akiharisha, anza ORS mara moja, pakiti moja kwenye maji safi kwa kipimo kilichoandikwa. Ikikosekana, changanya lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa sawa na ukingo, si mlima. Mpe kidogo kidogo. Kinyesi kikiwa na damu, macho yakizama, au akiacha kukojoa, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Baharini ogeleeni. Ziwa Victoria, Tanganyika, Nyasa, na mito na mabwawa ya bara ni habari nyingine, kwa kuwa kichocho hupenya ngozini ukisimama majini. Vijito vya Unguja na Pemba navyo vimo.

Mtu aking'atwa, kukwaruzwa au kulambwa kwenye kidonda na mbwa, paka au nyani, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, halafu nenda hospitali hata kama amechanjwa. Dakika 15 ni nyingi mtoto akilia. Zimalize.

Na bodaboda: kofia ngumu au usipande. Ajali za barabarani huwaua wasafiri wengi kuliko magonjwa yote niliyoyataja, na hakuna chanjo yake.

Mkisharudi

Malaria huchukua kama siku 7 au zaidi tangu mbu aume mpaka dalili zionekane. Nyingi hujitokeza ndani ya miezi 3, na nyingine huchelewa hata mwaka. Homa, kutetemeka, kichwa kuuma, kutapika, au mtoto kulegea na kulala tu: nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ulimeza vidonge vyote. Usisubiri Jumatatu. Malaria kali inaweza kumgeuza mtoto aliyekuwa anacheza asubuhi kuwa mahututi kabla ya usiku.

Daktari wa Ulaya wakati wa baridi atafikiria mafua kwanza. Mtangulie: sema umetoka Tanzania au Kenya, taja tarehe uliyorudi, na uombe kipimo cha malaria sasa hivi. Kipimo kimoja kikionyesha hakuna na homa inaendelea, omba kirudiwe.

Aliyeingia kwenye maji ya ziwa au mto apimwe kichocho kama miezi 3 baada ya kutoka majini, hata akijisikia mzima. Tiba yake ni prazikwanteli. Na mtoto aliyepata dozi ya kwanza ya homa ya ini A, andika kwenye kalenda ya simu tarehe ya dozi ya pili kabla kadi haijarudi kabatini.